Uzee haupigi hodi: Nakivale, Mbarara au kwetu?

Na Mwandishi Wetu

MFANYABIASHARA wa mpakani hajui safari yake ya mwisho ni ipi. Leo amevuka Mto Kagera pale Murongo na bunda la vitenge, keshokutwa goti linamgomea, mwezi unaofuata anamtuma kijana, na mwaka ukiisha anagundua kwamba kazi imeshamwacha. Hana barua ya kustaafu, hana kiinua mgongo, wala hakuna aliyemwandalia soda ya kumuaga.

Mkimbizi naye hastaafu. Mama aliyeingia Nakivale mwaka 1994 akiwa na miaka 30, mtoto mgongoni na sufuria kichwani, leo amevuka 60. Muda wote huo amekuwa akihesabiwa kuwa mtu wa kupita.

Makundi haya mawili hukutana sana katika pembe hii ya kusini magharibi mwa Uganda. Hukutana sokoni Nakivale, hukutana stendi ya Mbarara, hukutana kwenye foleni ya mizigo Mutukula na Mirama Hills. Na siku hizi katika mazungumzo yao linazuka swali ambalo zamani lilikuwa la watumishi wa serikali peke yao: tutazeekea wapi?

Wengi hulijibu kwa bei. Kiwanja cha wapi ni rahisi, chumba cha wapi ni nafuu, mkungu wa ndizi unauzwa kiasi gani. Ni maswali ya maana, lakini mwandishi wa makala haya anaona kuwa kuna moja linalopaswa kutangulia. Ukishafika miaka 75, macho yamefifia na miguu haikimbii tena, ni nani mwenye uwezo wa kukuondoa mahali hapo?

Historia ya eneo hili imelijibu swali hilo zaidi ya mara moja, na majibu yenyewe si ya kufurahisha.

Bure yenye masharti

Kwa anayeitazama kutoka nje, Nakivale inavutia. Iko katika Wilaya ya Isingiro, iliyomegwa kutoka Mbarara mwaka 2005, kando ya ziwa lenye jina hilo hilo na si mbali na mpaka wa Tanzania. Ni miongoni mwa makazi ya kale zaidi ya wakimbizi barani Afrika. Yalianza mwishoni mwa miaka ya 1950 na yakawapokea Wanyarwanda waliokimbia machafuko ya 1959.

Haina uzio wala geti la kufungwa jioni. Ni vijiji zaidi ya 70 vilivyotawanyika katika kanda za Base Camp, Juru na Rubondo, na kufikia mwaka 2024 vilikuwa na wakimbizi zaidi ya 180,000. Wakongo ndio wengi, wakifuatiwa na Warundi, Wasomali, Wanyarwanda, Waethiopia na Waeritrea. Base Camp utapata chai ya Kisomali, saluni ya Kikongo, fundi simu, fundi cherehani na wakala wa fedha kwa simu, vyote katika mtaa mmoja. Kiswahili kinatosha kukununulia unga na kukupatia mchumba.

Aidha, sheria ya Uganda ni ya ukarimu kuliko nyingi za jirani. Sheria ya Wakimbizi ya mwaka 2006 inamruhusu mkimbizi kufanya kazi, kufanya biashara na kutembea nchini. Familia inayofika hupewa kipande cha ardhi ili ijenge na kulima. Kwa mtu aliyezoea kusikia habari za kambi zilizozungushiwa waya, hili ni jambo kubwa, na anayelibeza hajui mambo yalivyo kwingineko.

Tatizo liko kwenye neno "hupewa". Kanuni za Wakimbizi za mwaka 2010 zinaeleza kuwa mkimbizi anaruhusiwa kuitumia ardhi ile kwa kulima au kufuga. Hana haki ya kuiuza, kuikodisha wala kuihamishia kwa mtu mwingine. Ni ardhi ya makazi ya wakimbizi, na msimamizi wake ni serikali kupitia Ofisi ya Waziri Mkuu.

Hata hivyo, mauzo ya chinichini yapo, na si siri kwa mkazi wa Nakivale. Mtu amepata nafasi ya kuhamishiwa Marekani, Kanada au Australia, anataka nauli ya kuanzia maisha, basi anamwachia mwenzake nyumba kwa fedha taslimu. Wanaandikiana karatasi ya daftari, wanatia dole gumba mbele ya mashahidi wawili, wanapeana mikono. Mnunuzi anakwenda kulala akijua ana nyumba.

Alichonunua ni matofali, mabati na milango. Ardhi iliyo chini ya matofali hayo haikuwa ya muuzaji, na sasa si ya mnunuzi. Akija afisa kupanga upya vijiji kwa sababu wageni wameongezeka, karatasi ya daftari haimsaidii kitu. Na wageni wanaongezeka kweli: vipande wanavyopewa wanaofika sasa ni vidogo mno ukilinganisha na mashamba waliyopata waliotangulia. Juu ya hayo kuna mvutano wa miaka mingi wa mipaka kati ya makazi na wenyeji wa Isingiro, wakulima kwa wafugaji, ambao haujapata kumalizika.

Kuna jambo la pili. Unafuu wa Nakivale ulisimama juu ya miguu miwili, shamba na mgao. Mguu wa mgao umekatika. Mwaka 2023 Shirika la Mpango wa Chakula Duniani lilizigawa familia za wakimbizi nchini Uganda katika makundi kulingana na uhitaji, na zile zilizoonekana kujimudu zikaondolewa. Mei 2025, kwa ukosefu wa fedha, watu wapatao milioni moja walikatiwa msaada huo. Wanaohesabiwa kuwa wahitaji zaidi, wakiwamo wazee wasio na wa kuwatunza, walibaki kwenye orodha, lakini mgao wao nao si kamili.

Mlango wa tatu uliokuwa ukitazamiwa, wa kwenda nchi ya mbali, nao umebanwa. Januari 2025 Marekani ilisimamisha mpango wake wa kupokea wakimbizi, na familia zilizokuwa zimeshapimwa afya na kuuza vitanda zikarudi kununua vitanda.

Waliodhani wamefika

Kwa nini mwandishi anang'ang'ania suala la karatasi? Kwa sababu ya mwaka 1982.

Kabla ya hapo walikuwapo Wanyarwanda wengi katika Wilaya ya Mbarara ya wakati ule. Wengine walikuwa wakimbizi wa 1959 waliokwisha kutoka makambini, wengine walikuja kutafuta kazi tangu enzi za Waingereza, na wengine hawakuwahi kuhama popote, mpaka ndio uliopita juu yao. Walikuwa na ng'ombe, migomba, majirani wa kualikana arusi. Kwa lugha ya leo tungesema walikwisha kupata mahali pa kuzeekea.

Oktoba 1982 viongozi wa chama tawala cha UPC katika eneo hilo pamoja na vijana wao waliwageukia. Nyumba zilichomwa, mifugo ikaporwa, na makumi ya maelfu ya watu wakakimbia. Wengine walikwenda Rwanda, wengine walikimbilia ndani ya makazi ya wakimbizi ya Nakivale na Oruchinga. Rwanda ilipofunga mpaka wake mwezi uliofuata, maelfu walikwama pale Merama Hill, nyuma hawakutakiwa na mbele hawakupokewa. Miongoni mwao walikuwamo raia halali wa Uganda ambao hakuna aliyewauliza karatasi kabla ya kuwachomea.

Kwa hiyo ni kweli kwamba hati haizuii moto. Lakini vurugu zilipokwisha, mwenye ushahidi wa uraia na wa shamba alikuwa na la kudai; asiye nao alibaki na hadithi.

Julai 2010 ikawa zamu ya walio ndani ya makazi. Wanyarwanda wapatao 1,700 walikusanywa Nakivale na Kyaka II, wakapakiwa kwenye malori na kurudishwa Rwanda kwa nguvu, katika operesheni iliyolaaniwa na Shirika la Umoja wa Mataifa la Kuhudumia Wakimbizi. Wengi wao walikuwa wamenyimwa hadhi ya ukimbizi. Tangu hapo kila unaposikika uvumi wa malori, kuna wazee ambao hawalali ndani ya nyumba zao.

Upande wa Tanzania nako halikadhalika. Mwaka 2013, kwanza kwa agizo la kuondoka na kisha kwa Operesheni Kimbunga, maelfu ya watu walioitwa wahamiaji haramu waliondoka mikoa ya Kagera, Kigoma na Geita kwenda Rwanda, Burundi na Uganda. Baadhi walikuwa wameishi huko miaka 40, wameoa na kuzika huko.

Hadithi hizi zinafanana katika jambo moja. Aliyeondolewa hakuwa mgeni wa jana, na mara nyingi alikuwa mtu ambaye hakuona haja ya kuhangaikia karatasi kwa sababu majirani walimjua.

Hospitali ipo, kodi ipo, kaburi je?

Basi tutoke Nakivale, tupande gari kupitia Isingiro mpaka Mbarara. Ni safari ya asubuhi moja ikiwa mvua haijanyesha.

Mbarara ilipandishwa hadhi kuwa jiji Julai 1, 2020. Wazee wa Kagera wanaikumbuka kwa jambo jingine: Februari 1979 majeshi ya Tanzania yaliiteka katika vita dhidi ya Idi Amin, na mji ukabaki magofu. Ulivyo leo, mwenye kumbukumbu hiyo akishushwa pale usiku hatautambua. Hali ya hewa ni ya ubaridi wa wastani, maziwa ni mengi, ndizi ndiyo chakula cha kila siku, na barabara za lami zinaelekea Kampala, Kabale, Kasese na Kikagati.

Sababu kubwa ya mzee kuitazama Mbarara ni matibabu. Ipo Hospitali ya Rufaa ya Mbarara, ambayo ndiyo inayofundishia madaktari wa Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia cha Mbarara kilichoanzishwa mwaka 1989. Ipo Ruharo, hospitali ya misheni inayojulikana kwa macho, na mtoto wa jicho ni ugonjwa ambao wengi wetu tutakutana nao. Zipo hospitali binafsi kwa mwenye uwezo. Tangu mwaka 2001 Uganda ilifuta malipo katika wodi za kawaida za hospitali za serikali, ingawa kila aliyewahi kuuguza anajua kuwa dawa zikiisha dirishani unakwenda kuzinunua barabarani.

Mwenye presha au kisukari hahitaji daktari bingwa kila wiki. Anahitaji dawa isiyokatika na mtu wa kumpima kila mwezi. Vituo vya afya vya Nakivale vinaweza kufanya hivyo dawa zikiwapo. Lakini likitokea la usiku, kiharusi kwa mfano, barabara ya vumbi kutoka Juru au Rubondo inakuwa ndefu sana.

Kuishi Mbarara ni kupanga. Maarufu ni vile vyumba vya mstari mmoja vinavyoitwa muzigo, na kadiri unavyotoka katikati ya jiji kuelekea pembezoni ndivyo kodi inavyoshuka. Usidanganywe na kodi peke yake. Chumba cha bei poa kisicho na maji kinamaanisha kununua madumu, na mzee hawezi kubeba dumu, kwa hiyo analipa maji na mbebaji. Chumba kilicho mbali na lami kinamaanisha bodaboda kila siku ya kliniki, na mwenye goti bovu hapandi bodaboda ya kupunguza bei na abiria wengine wawili. Piga hesabu ya mwezi mzima, pamoja na dawa, ndipo useme pana unafuu.

Mkimbizi anayehamia Mbarara aelewe pia kuwa msaada haumfuati. Anaruhusiwa kuishi mjini, lakini huko anajitegemea. Ndiyo maana familia nyingi hujigawa: vijana wanapanga mjini, wazee wanabaki Nakivale kulinda shamba na kadi. Ni mpango wenye akili, mpaka siku mzee anapougua.

Halafu kuna jambo ambalo watu hawapendi kulizungumza mezani. Katika Ankole, kama ilivyo sehemu nyingi za Uganda, mtu huzikwa katika shamba la familia, kwenye migomba, karibu na waliomtangulia. Mpangaji hana mgomba. Mwenye nyumba, hata awe mwema namna gani, hatakubali kaburi nyuma ya vyumba vyake. Kinachobaki ni makaburi ya umma, au gari la kusafirisha mwili hadi kwao marehemu, na kupitisha maiti mpakani kuna vibali vyake na gharama zake. Nimeona misiba ambamo fedha zilizochangwa kwa ajili ya mjane ziliishia kwenye petroli.

Waislamu wanao unafuu kidogo hapa, kwa kuwa mazishi yao ni ya haraka na jumuiya ya msikiti huyabeba. Wengine wote ni vyema walizungumze na watoto wao wakiwa wazima.

Miaka 49 inamtosha nani?

Sasa tumchukue mfanyabiashara ambaye si mkimbizi. Ni Mtanzania wa Karagwe au Mnyarwanda wa Nyagatare, ana pasipoti ya Afrika Mashariki, ana akiba, na amependa Mbarara. Je, anunue kiwanja?

Wengi huamini kuwa Jumuiya ya Afrika Mashariki imekwisha kulimaliza hilo. Haijalimaliza. Itifaki ya Soko la Pamoja, iliyoanza kutumika Julai 1, 2010, ilifungua milango ya kazi, biashara na makazi, lakini Ibara ya 15 inasema wazi kuwa masuala ya ardhi yataongozwa na sheria za kila nchi. Na kwa sheria ya Uganda, asiye raia hawezi kumiliki ardhi moja kwa moja kama raia. Anachoweza kupata ni ukodishaji wa muda mrefu, usiozidi miaka 99, na ukiwa wa miaka mitano au zaidi sharti usajiliwe.

Tanzania ni ngumu zaidi. Kwa Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999, asiye raia hapewi ardhi isipokuwa kwa uwekezaji unaotambuliwa. Mganda mwenye duka Murongo anayedhani atajijengea kibanda cha uzeeni hapo kwa jina lake, ajue hilo mapema. (Kwa mzaha wa historia, jina Isingiro lipo pande zote mbili za mto, hata Kyerwa kuna hospitali iitwayo Isingiro. Ardhi ndiyo haifuati majina.)

Kwa mtu wa miaka 58, ukodishaji wa miaka 49 uliosajiliwa ni salama ya kutosha, tena chenji inabaki. Ni bora mara mia kuliko "kununua" kwa bei ya kutupa kwa jina la rafiki. Na hili la kutumia jina la mwingine ndilo linalowamaliza wafanyabiashara wetu. Mtu anaweka kiwanja kwa jina la mpangaji mwenzake, la shemeji, au la mwanamke aliyekutana naye njiani. Rafiki akifa, watoto wake wanakuja na hati, wewe unabaki na risiti za simenti.

Anayetaka zaidi ya hapo itabidi atafute uraia, na hapo subira inahitajika. Uraia wa tajnisi nchini Uganda unadai, pamoja na mengine, jumla ya miaka 20 ya kuishi nchini, miezi 24 ya mwisho bila kukatika, na kujua Kiingereza au mojawapo ya lugha za wenyeji zilizotajwa. Mwaka 2015 Mahakama ya Katiba ilisema kuwa mkimbizi hawezi kupata uraia kwa njia ya kuandikishwa, lakini anaweza kuomba tajnisi. Kwenye karatasi mlango upo. Wakimbizi waliofanikiwa kuupita ni wachache mno.

Tena lazima ujue kwenu wanasemaje. Uganda inakubali uraia pacha, Rwanda na Burundi pia. Tanzania haikubali kwa mtu mzima, na Katiba ya Kongo ya mwaka 2006 inasema uraia wa Kongo ni mmoja na haushikwi pamoja na mwingine. Mkongo wa Nakivale anayechukua uraia wa Uganda ili apate shamba, aelewe anachoacha nyuma.

Faida ya uraia kwa mzee si ardhi tu. Serikali ya Uganda hutoa ruzuku ya wazee, shilingi 25,000 kwa mwezi, kwa waliofikisha miaka 80, na kigezo ni kitambulisho cha taifa. Ni fedha kidogo, sabuni, chumvi na dawa za mwezi. Lakini mkimbizi aliyeingia mwaka 1994 akiwa na miaka 50, akaishi hapo zaidi ya miaka 30, hahesabiwi.

Mcheza kwao

Linabaki jibu ambalo wazee wetu hulitoa bila kufikiri: mtu kwao. Sina ugomvi na methali hiyo. Ila "kwao" ya mwaka uliotoka si lazima iwe "kwao" ya mwaka unaorudi.

Wanyarwanda wa 1959 ndio waliokuwa wa kwanza kuonja. Mkataba wa Arusha wa mwaka 1993 ulipendekeza kwamba waliokaa nje kwa zaidi ya miaka 10 wasidai tena mashamba yao ikiwa yamekaliwa na wengine. Waliporudi kwa wingi kuanzia Julai 1994, wengi wakitoka Nakivale na makazi mengine ya Uganda, iliwabidi kutafutiwa pengine. Sehemu kubwa ya Hifadhi ya Akagera ilimegwa mwaka 1997 kwa ajili yao na mifugo yao, na mashariki mwa nchi watu waliamriwa kugawana mashamba nusu kwa nusu. Ukipita Nyagatare leo utawasikia wazee wakizungumza Kinyankole sawasawa na Kinyarwanda. Walirudi nchini, kijijini kwao wengi hawakurudi.

Warundi wa 1972 walikuta hivyo hivyo. Sheria ya ardhi ya Burundi ya mwaka 1986 ilimpa haki aliyekalia ardhi kwa miaka 30, na wao walikuwa nje kwa miaka 30 na zaidi. Rumonge na Nyanza-Lac zikajaa mashauri ya ndugu, majirani na wageni wakigombea michikichi. Tume ya ardhi iliyoundwa mwaka 2006 ilisuluhisha mengi na kuchochea mengine, hadi muda wake ulipokwisha mwaka 2022. Wenzao waliobaki Tanzania, zaidi ya 162,000 wa Katumba, Mishamo na Ulyankulu, walipewa uraia, vyeti vikaanza kutolewa mwaka 2014. Nani alichagua vizuri? Mwandishi anamfikiria mzee wa Mishamo mwenye cheti na shamba, halafu anamfikiria mzee wa Rumonge mwenye kesi ya miaka 10 na ndugu yake wa tumbo moja, na anaona jibu si lile la kwenye methali.

Kwa Mkongo wa Kivu swali lenyewe bado halijaiva. Bunagana iliangukia mikononi mwa M23 Juni 2022, Goma Januari 2025, Bukavu mwezi uliofuata. Hakuna mtu mwenye akili timamu atakayemshauri mzee wa miaka 70 arudi Rutshuru leo ili akazeeke.

Mfanyabiashara naye asisahau kuwa mpaka ni mlango wa watu wengine. Gatuna ilifungwa Februari 2019, ikafunguliwa Januari 31, 2022. Ni karibu miaka mitatu. Januari 2024 Burundi ilifunga mpaka wake na Rwanda. Kijana aliyezuiwa hupoteza mtaji. Mzee aliyeweka nyumba upande mmoja na watoto upande mwingine anaweza kupoteza mazishi ya mke wake.

Ndiyo maana, nikiulizwa na mtu wa Kagera mwenye akiba ya wastani, nitamwambia ajenge upande wa uraia wake, Kayanga, Omurushaka au Kyerwa, na Mbarara aifanye mji wa kliniki na wa kutembea. Mnyarwanda mwenye kitambulisho cha Rwanda, Nyagatare inamfikisha Mirama Hills kwa muda mfupi. Mganda aliyerudi kutoka ng'ambo na anayetaka Mbarara yenyewe, aende pembezoni, palipo na ardhi ya kutosha nyumba, migomba na lile jambo la tatu tulilolisema.

Kwa mkimbizi wa Nakivale sina jibu zuri hivyo, na sitajifanya ninalo. Ila naweza kusema asiweke akiba yake ya mwisho kwenye nyumba ya tofali za kuchoma juu ya ardhi asiyoweza kuuza. Aweke kwenye vinavyohamishika: mbuzi, hisa za kikundi cha kuweka na kukopa, ada ya mtoto anayesoma uuguzi. Na atunze kila karatasi, tangu kadi ya kwanza ya usajili hadi vyeti vya kuzaliwa vya watoto waliozaliwa Uganda, kwa sababu akija kuomba tajnisi, miaka 20 haithibitishwi kwa mdomo.

Anayekusudia kuchukua kiwanja Mbarara aanze kwa mwenyekiti wa LC1 wa eneo husika, azungumze na majirani wa pande zote nne bila muuzaji kuwapo, ahakikishe mke au mume wa muuzaji ameridhia kwa maandishi, kisha aende ofisi ya ardhi ya kanda iliyopo hapo hapo Mbarara kufanya upekuzi. Aende na namba za kiwanja kama zilivyo kwenye hati, maana jina la muuzaji peke yake halitoshi, na aende mwenyewe, asimtume dalali.